Siku moja ya fundi kompyuta, Moshi mjini

Saa 1:30 asubuhi nafungua. Ofisi yangu ni meza ya kukodi ndani ya stesheneri ya watu, karibu na soko la Mbuyuni. Kabla ya chai nimeshapiga Windows laptop mbili na kubadilisha kibodi ya nyingine. Hapo hamna stori.

Saa 3 akaja dada mmoja na mashine ambayo fundi mwingine alimwambia mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Kila akiwasha tarehe inarudi nyuma miaka, na tovuti zinagoma kufunguka zikidai si salama. Ilikuwa betri ya CR2032 tu, ile ndogo inayotunza saa ya mashine, imeisha; tarehe ikikosea na tovuti zinagoma. Akashangaa namtoza ufundi kwa kazi ya dakika tano. Dada yangu, hizo dakika tano zimekuepusha kununua mazabodi.

Saa 4:30 simu kutoka Rau. "Kijana, mwanangu wa Dar amenitumia RAM. Ni kuja kuichomeka tu." RAM ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, kijibodi cha kuchomeka. Nikapanda boda na begi zima, maana kazi za kuchomeka tu nazijua.

Nikamkuta mzee, mwalimu mstaafu, ameshatandika gazeti mezani. Shikamoo, marahaba, bisibisi. Kufungua CPU, vumbi limegandamana kwenye feni mpaka mapanga hayaonekani, na chini ya paua sapulai, kile kiboksi cha umeme, kuna mjusi amekauka mzima mzima. Mama alipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

RAM yenyewe ilikuwa GB 8, mpya kabisa, aina ya DDR4. Mashine ya mzee ni Intel kizazi cha tatu, inakula aina ya zamani, DDR3. Nikaziweka zote mbili kiganjani nikamwonyesha: kile kipengo cha katikati hakikai mahali pamoja, pini 240 huku, 288 kule.

"Si uikandamize kidogo?"

"Nikiikandamiza, mzee wangu, tutanunua na mazabodi."

Hakuamini. Akampigia mwanawe, akaweka spika. "Baba, mafundi wa huko wanatafuta hela. Mwambie aichomeke." Mimi nimesimama palepale na bisibisi mkononi, nasikia kila neno. Nikaomba namba, nikamtumia picha WhatsApp. Kimya kirefu. Kisha: "Baba, hebu muulize yeye anashauri nini."

Basi nikasema. RAM haikuwa ugonjwa. Diski ndiyo ilikuwa inakata roho: inagonga tik, tik, na Task Manager ya Windows inaonyesha diski iko bize asilimia 100 wakati hujafungua chochote. Dawa ni SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, nilikuwa nayo moja begini, ila kwanza tuokoe picha.

Siku yangu ikaishia hapo. Kunakili picha za harusi na vipaimara kutoka kwenye diski mbovu ni kukaa. Inafika faili moja inaganda, unairuka, inaenda, inaganda tena. Umeme ukakatika. Ukarudi. Wateja wa mjini wanapiga, najibu "nipo njiani" kama kondakta. Mama akaleta mtori, na bakuli la pili sikulikataa. Mzee anachungulia: "Asilimia ngapi sasa?" Akadakia na habari ya Windows 11. Nikamwambia mashine yake haimo kwenye orodha, Microsoft wanataka Intel kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. "Kwa hiyo ninunue nyingine?" Mzee, tumalize hii kwanza. Mgongo unauma.

Giza limeshaingia ndipo mashine ikawaka kwenye SSD, hata mzee hajakaa vizuri kitini. Akazima. Akawasha. Akazima tena, akamwita mama aje aone.

Nikataja ufundi, elfu thelathini.

"Thelathini? Si ulikuwa umekaa tu unakula mtori?"

Akacheka, nami nikacheka, lakini aliyotoa ni ishirini. Kumi nikachukue Jumapili baada ya ibada. Ile DDR4 nikamfungia vizuri kwenye boksi lake, aipakie basi la asubuhi irudi Dar kabla mwenye duka hajaanza kuleta maneno.