Vifaa vya safari ndefu ya baiskeli: anza na chaji

Kutoka Tabora mjini hadi Urambo na kurudi ni kama kilomita 180. Kwa mwendeshaji wa kawaida hizo ni saa 8 hadi 10 juu ya kiti, ukiacha vituo vya maji na chakula. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya kifaa chochote, uliza kama kitamaliza saa 12 bila umeme na bila mtandao. Saa ya mkononi inayozimika baada ya saa 5 za GPS inafaa kwa mizunguko ya jioni, lakini si kwa safari hii.

Simu uliyonayo inatosha kuanzia. GPS haitumii bando, kwa sababu simu inapokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja. Bando linaisaidia tu kuzipata satelaiti haraka na kupakua ramani. Ukianza bila data, simama mahali peupe, si chini ya mwembe, usubiri dakika moja au mbili mpaka alama ya mahali ulipo itulie. Ukikimbilia kubonyeza kitufe cha kuanza, kilomita ya kwanza itachorwa zigizaga.

Chaji inaliwa kwanza na kioo. Mlaji wa pili wengi hawamfikirii: simu inayotafuta mnara katikati ya pori. Mtandao ukipotea, weka hali ya ndege. Simu nyingi huendelea kurekodi GPS hata hapo. Ukifika kijijini uiwashe tena ili nyumbani wajue ulipo. Kama unatuma mahali ulipo kwa WhatsApp, kumbuka kwamba muda mrefu zaidi inaokuruhusu ni saa 8, kwa hiyo ukipumzika njiani iwashe upya. Ikikatika wakati bado uko barabarani, ndugu zako watapata hofu bure.

Tatizo linaloharibu rekodi nyingi kwenye simu za Android ni mfumo wa kubana betri: kioo kikizimika, simu inaifunga programu kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta jina la programu unayorekodia, uiruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Kisha pima: endesha saa 2 simu ikiwa mfukoni, halafu itazame ramani. Ukikuta mstari mnyoofu kama rula unakata porini pale ambapo barabara ina kona, ujue ilifungwa njiani.

Kwa kurekodi safari, programu ya Strava ya bure inatosha kabisa. Kinacholipiwa ni mambo kama kuchora njia. Ramani za bila mtandao zipate kwenye Organic Maps au OsmAnd, na uzipakue kabla hujatoka mjini. Ila usikubali njia ya baiskeli wanayokupendekezea bila kuikagua. Programu hupenda njia fupi, na njia fupi huku inaweza kuwa kijia cha mchanga ndani ya msitu wenye mbung'o. Kuza ramani, fuata mstari wote kwa kidole, uhakikishe unabaki kwenye lami.

Kifaa ninachokipigia debe kuliko vyote ni spidomita ya waya. Bei yake ni ndogo, betri yake ya kidonge hukaa miezi, na mwendo na umbali viko mbele ya macho bila kuwasha kioo cha simu. Sumaku inafungwa kwenye spoku, kihisi kwenye uma wa mbele, na nafasi kati yake iwe milimita 2 hadi 5. Ikizidi hapo mwendo unarukaruka au unasoma sifuri, hasa kwenye rasta za barabarani. Kisha iambie mzingo wa tairi, na usichukue namba ya kwenye kijitabu. Jaza upepo kama wa siku ya safari, chora mstari wa chaki sakafuni, weka valvu chini kabisa juu ya mstari, kaa kwenye baiskeli mwenzako akikushika, sogea mzunguko mmoja kamili, chora mstari wa pili, pima kwa milimita. Phoenix ya inchi 28 ina mzingo wa karibu 2,220, wakati tairi jembamba la baiskeli ya mashindano, 700x25, ni kama 2,105. Ukiingiza namba ya pili kwenye Phoenix, kila kilomita 100 itasomeka chini ya 95, na mahesabu yako ya maji na muda yatakwenda kombo.

Kama una pesa ya kifaa kimoja zaidi, nunua mkanda wa kifuani wa mapigo ya moyo. Saa ya mkononi inasoma kwa mwanga, na mtikisiko wa barabara mbovu unaivuruga. Mkanda unasoma umeme wa moyo wenyewe. Lowesha sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuvaa, la sivyo dakika za mwanzo utaona namba za ajabu. Hakikisha mkanda wenyewe unatumia Bluetooth, kwa kuwa simu nyingi hazina ANT+, njia nyingine ya vifaa vya mazoezi kuwasiliana bila waya.

Faida yake utaiona kwenye upepo. Kiangazi upepo wa Tabora mara nyingi hutoka mashariki au kusini-mashariki, na Urambo iko magharibi. Kwenda utapaa na kujiona bingwa. Kurudi ndiko kwenye kazi. Spidomita peke yake itakudanganya pande zote mbili, mapigo hayatakudanganya sana. Kanuni ya kukadiria mapigo yako ya juu kabisa, 220 toa umri, inaweza kukosea kwa mapigo zaidi ya 10, kwa hiyo ihakiki kwa mdomo: mazoezi marefu yaende kwa kasi inayokuruhusu kumaliza sentensi bila kuhema. Jua likishapanda mapigo nayo hupanda kwa kazi ileile. Punguza mwendo, usishindane nayo.

Aliyeko Kigoma akijiandaa kupanda kutoka ziwani kwenda Kasulu ana sababu kubwa zaidi ya kuvaa mkanda, maana mlimani wastani wa mwendo hausemi lolote. Mwinuko unaotoka kwenye GPS ya simu nao asiuamini mita kwa mita.

Wiki mbili kabla, endesha saa 4 na vifaa vyote kama siku yenyewe. Simu ikishuka kutoka asilimia 100 hadi 64, inakula 9 kwa saa, na saa 10 zitakula 90. Hiyo haitoshi, kwa sababu simu bado inahitajika kwa dharura. Pawabenki ya mAh 10,000 itajaza simu ya mAh 5,000 mara moja na nusu hivi, si mara mbili, kwa kuwa nguvu nyingine hupotea njiani. Chajia simu ndani ya mfuko wa fremu, kivulini, kwa waya mfupi. Ikikaa kwenye usukani juani hupata joto na kukataa chaji.