Siku moja karakanani kwangu Isevya: gitaa la kusikika bila spika

Saa 12 asubuhi

Kabla sijagusa randa natazama kipima unyevu kilichotundikwa ukutani. Kinasoma asilimia 45. Ni Agosti, Tabora imekauka, na mvua hatuitegemei mpaka Novemba. Huu ndio msimu wangu wa kugundisha. Mbao ikigundishwa ikiwa kavu, mvua zikija itavimba kidogo tu na uso wa gitaa utanyanyuka, basi. Ikigundishwa imejaa unyevu, kiangazi itasinyaa na haina pa kwenda, kwa hiyo inapasuka. Magitaa yanayoletwa kwangu na ufa uliofuata mshipa wa mbao chini ya daraja (kile kibao cha mbele kinachoshika nyuzi), mengi yameumwa na jambo hilo.

Saa 1

Kijana wangu anafika. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Washa mkaa." Leo tunapinda mbavu, yaani mbao za ubavuni, za gitaa la mwalimu wa kwaya kutoka kigango kimoja njia ya Sikonge. Kigangoni hakuna umeme, sauti za waimbaji zinalimeza gitaa lao, na yeye aliniagiza moja tu: lisikike.

Mbavu ni za mninga, unene wa milimita 2, zimelowekwa tangu jana. Tunazipinda juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani, polepole, mpaka ubao wenyewe ukubali. Mninga naupenda kwa sababu ukishakauka hauchezi ovyo, na ukiugonga unalia. Tunazibana kwenye kalibu kwa mipira ya tyubu za baiskeli.

Saa 3

Sasa uso, yaani ubao wa mbele. Hapa ndipo gitaa linapopata sauti au linapoikosa, na asubuhi yote nimeiwekea kazi hii.

Uzi peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa. Unachofanya ni kulitikisa daraja, daraja linautikisa uso, na uso ndio unaosukuma hewa. Nguvu ya kidole cha mpigaji ni ndogo na haiongezeki. Kwa hiyo kila gramu ya mbao isiyo na kazi pale mbele inakula nguvu hiyo bure. Tatizo ni kwamba nyuzi sita za chuma za kawaida, zikishatyuniwa, zinavuta kwa zaidi ya kilo 70, tena mchana na usiku. Ukiuacha uso mnene, gitaa ni imara lakini bubu. Ukiupunguza kupita kiasi, daraja litaukunja.

Wenzetu wa Ulaya hutumia mbao za sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari. Mimi natumia paini ya Sao Hill, Mufindi, lakini naichagua. Nataka ubao uliopasuliwa ili pete za mti zisimame wima, mistari iwe karibu karibu, pasiwe na fundo hata moja. Muuza mbao ananijua. Ananiachia nipekue rundo zima nitoke na mbao mbili.

Nimeanza na milimita 4. Napiga randa, nausimamisha ubao, naushika kwa vidole viwili mahali pasipozuia mtikisiko, naugonga kwa kidole gumba. Mwanzo unatoa mlio mfupi wa kukatika. Kadiri unavyopungua mlio unashuka na kurefuka. Nikifika milimita 3 naiweka randa chini na kuchukua kikwangulio, kwa sababu kuanzia hapo kosa ni ghali: ugumu wa ubao hupungua haraka kuliko uzito wake. Toa asilimia 10 ya unene, uzito umepungua asilimia 10, lakini ugumu umepungua zaidi ya robo. Kijana nimemfanya aukunje ubao kwa mikono kila baada ya kuukwangua, ajue kwa misuli yake maana ya hesabu hiyo. Tumesimama kwenye 2.8 katikati, na pembezoni tumeshuka mpaka 2.4, ili uso upate kucheza kwenye kingo zake.

Mwaka 1862 fundi wa Hispania, Antonio de Torres, alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu na uso wa mbao nzuri, kuonyesha kwamba uso ndio wenye kazi kubwa. Mteja akianza kubishana nami juu ya mapambo ya mgongo, huwa namweleza habari za Torres.

Saa 7

Ugali, nsansa (mboga za majani yaliyokaushwa) ya karanga. Turudi kazini.

Saa 8

Mataruma. Haya ni mabanzi yanayogundishwa ndani ya uso ili kuubeba. Makuu mawili yanapishana kwa mkao wa X chini ya tundu la sauti, mpangilio uliokomazwa na mafundi wa Marekani kwenye miaka ya 1840. Nayachonga membamba na marefu kwenda juu, kwa sababu taruma likiongezwa kimo mara mbili linakuwa gumu mara nane na uzito unaongezeka mara mbili tu. Ncha zake nazichonga kwa patasi mpaka karibu ziishe.

Daraja nalo ni la mninga. Wengi hupenda mpingo kwa weusi wake, lakini daraja la mpingo la umbo lile lile lina uzito karibu mara mbili, na uzito huo unakaa pale pale tunapotaka wepesi. Mpingo wangu unaishia kwenye ubao wa vidole, pale shingoni mpigaji anapobonyeza nyuzi.

Tunapaka gundi, tunayabana mataruma kwa vijiti vya mianzi vilivyopindwa kati ya meza na ubao wa juu.

Saa 10

Mwalimu wa kwaya anaingia na gitaa lao la kiwandani, kubwa, la plaiwudi. "Fundi, hilo langu mbona dogo? Si ungeliongeza tumbo?" Sikubishana. Nina gitaa la mteja mwingine, lililokwisha kufungwa nyuzi, la ukubwa ule ule wa hilo ninalomtengenezea. Nikampa kijana apige kodi (noti kadhaa kwa pamoja) zilezile kwa magitaa yote mawili, sisi tukavuka barabara hadi ng'ambo ya kijiwe cha bodaboda.

Lile kubwa lilitufikia kama mvumo wa besi, maneno ya nyuzi nyembamba hayamo. Langu lilitufikia nyuzi zote sita. Mwalimu akaomba lirudiwe, akafumba macho. Nikamweleza na upande wa pili: uso mwepesi unaitoa nguvu yake mara moja, hivyo noti haining'inii muda mrefu. Kwa anayepiga taratibu peke yake hilo ni upungufu. Kwa rizim ya kwaya ni faida, kila kodi inapisha inayofuata.

"Linaweza kuwa tayari kabla ya Noeli?"

Nikamwambia ndiyo, uso utatoka kwenye mianzi kesho, mgongo wiki ijayo, na shingo imeshachongwa. Tumbo halitaongezwa. Akatoa malipo ya awali, akauliza bei ya mkoba.