Malindi kuanzia 1444: Kilwa imeanguka

Kwenye gemu langu niko mwaka 1481 na Kilwa imeanguka jana usiku kwenye saa saba hivi, nikazima kompyuta nikashindwa kulala. Gemu ni Europa Universalis IV, la mkakati ambapo unaongoza nchi ya zamani, nacheza Malindi, inaanza tarehe 11 Novemba 1444 na nchi yangu ilikuwa kitu kidogo kabisa. Lengo ni kwamba pwani yote iwe chini ya bendera moja kabla ya 1498, na huo mwaka nimeuchagua makusudi maana ndo Vasco da Gama alifika Malindi yenyewe, afu miaka 7 baadaye Mreno mwenzake Almeida akaiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Safari hii nataka Mreno akute tumejipanga.

Mombasa niliimaliza mapema, haikunisumbua. Kilichonisumbua ni baada ya hapo, kwasababu majirani wa pwani ni Waislamu kama mimi na wengi wao ni Waswahili pia, na ukimpiga mtu wa dini na utamaduni wako chuki inapanda haraka kuliko ukimpiga wa mbali. Pate na Mogadishu walishaanza kuninunia kwa iyo nikatuma wajumbe, nikalea uhusiano, nikakaa miaka kadhaa sigusi mtu. Inauma kukaa hivyo hazina ikiwa imejaa, lakini wakiungana wote dhidi yako nchi ndogo haina pa kukimbilia.

Kilwa sasa. Jeshi lao lilikuwa kubwa kuliko langu, uso kwa uso nisingeweza, ila niliona wamevusha karibu jeshi lote kwenda Zanzibar kuzima waasi. Nikatangaza vita siku iyo iyo, meli zangu zote nikazipanga kwenye mlango wa bahari kati ya kisiwa na bara, basi wakabaki kule kule, hawana meli za kutosha kunitoa, na mimi huku bara nazingira ngome taratibu. Ile asilimia ya nafasi ya ngome kuanguka ikawa inapanda, 7, 14, 21, inarudi, inapanda tena, na mkopo wa pili nikauchukua ili wanajeshi wapate mshahara. Vita iyo ilinipa Zanzibar peke yake. Hii ya pili, iliyoisha jana, ndo imenipa mji wenyewe wa Kilwa.

Shida iliyopo ni pointi za utawala. Kila mkoa mpya lazima uulipie pointi ndo uwe wako kweli, na mimi zimeisha, kwa iyo waasi wananyanyuka Kilwa na nimeacha nusu ya jeshi pale pale. Nimekubali, afadhali waasi kuliko kuwaachia Kilwa mji wao wajijenge upya.

Kubwa zaidi ni mapatano ya kutopigana na Kilwa. Nilibana mpaka mwisho kwenye amani, na ukichukua kila unachoweza mapatano yanakuwa ya miaka 15, maana yake Sofala, ambayo bado iko mikononi mwa Kilwa, siigusi mpaka 1496. Nikiyavunja utulivu wa nchi unashuka hatua 5 na kila niliyemtuliza ananigeukia, siwezi. Kwa iyo nabaki na miaka 2 tu ya kuichukua Sofala kabla ya 1498. Katikati hapo naenda kaskazini, Pate kwanza, jasusi wangu ameshaanza kutengeneza madai kule ili nipate sababu ya kutangaza vita, na naunda meli kila pesa inapopatikana.