Kitabu kimoja, wasomaji wanne

Wazazi wengi hungoja wapate rundo la vitabu vya hadithi ndipo waanze kusoma na watoto. Hakuna haja. Kitabu kimoja cha kurasa 16 kinatosha nyumba nzima kwa wiki mbili, mradi kisomwe kwa sauti na kila mtu apate zamu. Uhaba wa vitabu ni tatizo, ndiyo, lakini kinachovunja zoezi hili mapema zaidi ni namna watu walivyokaa na namna mtoto anavyosahihishwa.

Mzazi akishika kitabu huku watoto wamemkabili, wao wanaziona herufi kichwa chini, na yule anayeanza kuzitambua anachanganyikiwa. Kaeni upande mmoja, migongo ukutani, mdogo katikati, kitabu juu ya mto. Taa itoke nyuma ya bega, maana tochi ya simu ikimulika karatasi inayong'aa hufuta nusu ya picha. Dakika 15 baada ya chakula cha jioni zinatosha. Mkizidisha, wa darasa la kwanza atalala, na kesho atakuja kwa kujivuta.

Anayesoma aanze na "Paukwa!", wengine waitikie "Pakawa!". Hata wa miaka 3 ana kazi hapo. Kisha onyesha jalada, soma jina la kitabu, fungua picha mbili tatu na uliza wanadhani nini kitatokea. Usiseme nani amepatia.

Sasa kuna jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili tunapaswa kuwa nalo macho. Mtoto akishashika silabi anaweza kutamka karibu kila neno, hata asilolielewa. Mzazi anasikia mtoto anatiririka, anaridhika, kumbe hadithi haijaingia. Dawa yake ni kufunga kitabu kila baada ya kurasa tatu au nne na kumwambia asimulie kwa maneno yake mwenyewe. Akikariri sentensi za kitabu zilivyo, au akinyamaza, rudini nyuma ukurasa mmoja. Maswali ya "nani" na "wapi" hujibiwa kwa kuchungulia picha. La "kwa nini" ndilo linalofichua.

Vitenzi virefu humkwamisha hata anayesoma vizuri. Kwenye "hawakumwambia" anaishiwa pumzi katikati. Funika neno kwa kidole, mfunulie "hawaku", kisha "mwambia", halafu alisome lote kwa mkupuo. Kwa "ng'ombe" na "ngoma", mwonyeshe ile ritifaa (alama ya ' inayofuata ng) ilipo na isipokuwepo kabla hajafungua mdomo.

Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumsaidia. Watu wazima wengi hawafiki mbili. Akishindwa tena, mtajie neno na hadithi iendelee. Somo la silabi katikati ya fisi kumfukuza sungura halina msikilizaji. Mkubwa akimcheka mdogo, zamu ya aliyecheka inarukwa jioni hiyo. Na kama kwenye ukurasa wenye maneno kama 100 mtoto amekunja vidole vitano kwa maneno yaliyomshinda, kitabu hicho bado ni kizito kwake: msomee wewe, yeye afuatishe kwa kidole. Kwenye vitabu vya picha vyenye sentensi mbili kwa ukurasa kanuni hiyo haifanyi kazi. Huko makosa mawili yanatosha kukupa jibu.

Asiyejua kusoma asiachwe pembeni. Bibi asimulie hadithi yake, mjukuu aandike kwenye daftari, mdogo achore. Hicho nacho ni kitabu, na kinasomwa kesho yake kwa zamu zilezile.

Vitabu vingine vinapatikana bila kununua. Tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapishwa bure. Kurasa 16 za ukubwa wa nusu A4 zinaingia kwenye karatasi nne za A4, pande mbili. Mwambie mwenye printa achague mpangilio wa kijitabu na ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini. Stepla hushika kutu, hasa pwani, kwa hiyo shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano itoke kwa ndani kupitia tundu la kati, iingie la juu, iruke la kati na kutokea la chini, irudi kuingia la kati, kisha funga fundo juu ya uzi mrefu ulio ndani.

Majirani wanne au watano wakibadilishana, kila nyumba inapata vitabu vipya bila gharama. Wekeni daftari moja: jina la kitabu, aliyechukua, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Wiki mbili ni muda mzuri. Msitoze faini kwa kitabu kilichochanika. Faini inafanya mtoto akifiche chini ya godoro, na hapo mmekipoteza chote kwa ajili ya ukurasa mmoja.

Ukurasa uliochanika unatibika. Selotepu huwa ya manjano na gundi yake huvuja hadi kurasa za jirani. Chemsha kijiko kimoja cha unga wa ngano na vijiko vitano vya maji, ukikoroga hadi iwe kama uji mzito, ipoe. Paka kidogo kwenye kipande cha karatasi nyembamba, bandika juu ya mchaniko, weka nailoni juu na chini ili kurasa zisigandane, kisha kandamiza kwa kitu kizito usiku kucha. Asubuhi hakikisha pamekauka kabisa kabla ya kukirudisha kitabu mahali pake. Mende wanaipenda gundi hiyo, hivyo vitabu vikae kwenye ndoo yenye mfuniko.