Klematisi kunyauka ghafla: kilichofaa hapa Moshi

Klematisi ni mmea wa maua unaoparamia. Vichomozo vya maua vimejaa, mara shina moja linalegea na majani yanakuwa meusi, ilhali udongo una unyevu. Kuongeza maji hakukusaidia. Samadi pia haikusaidia.

Nilikata shina hilo hadi penye ubichi usio na weusi ndani, mabaki nikayachoma, mkasi nikaufuta kwa spiriti. Kisha nikaung'oa mmea na bonge lake la udongo na kuupanda upya kwa kina zaidi. Kina ndicho kilichouokoa: kitako, yaani pale shina linapokutana na mizizi, kizame sentimita 5 hadi 8, vifundo viwili vyenye macho vifukiwe, maana humo ndimo machipukizi hutoka shina la juu likifa. Juu nilitandaza majani makavu ya mgomba ili mizizi ipate ubaridi, ila yasiguse shina. Sasa umechipua toka chini na unachanua.