Bisi, Mikate Kumi na Kadi ya Krismasi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye 1 Samweli 17, na si kwa ajili ya Goliathi. Nimekwama aya ya 17 na 18, zile tunazozipita mbio ili tufike kwenye kombeo. Mzee Yese ana wana watatu vitani na Sauli: Eliabu, Abinadabu na Shama. Kwa siku 40 yule Mfilisti anatoka asubuhi na jioni kuwatukana, na baba yao huko Bethlehemu hajui kama ni wazima. Basi anapima efa, kile kipimo cha kale cha nafaka, ya bisi, yaani nafaka zilizokaangwa, anahesabu mikate 10, anaongeza jibini 10 za akida wao, kisha anamwita Daudi: wapelekee ndugu zako upesi, uwaangalie hali zao, uniletee jibu.

Hatusomi popote kwamba Yese alikaa kwanza kujadili kama vita vya Sauli vina maana. Wana wake walikuwa kambini, akawatumia chakula. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka, msimu wa kuwaandikia askari kadi za Krismasi ukifika, kuna mpendwa anayeuliza kama kanisa linaingia kwenye siasa. Vijana wa makanisa yetu ya Kiswahili hapa Marekani wako jeshini, wengine waliingia hata kabla ya kupata uraia. Wako Ujerumani, Korea na Japani, na wengine wako kambi ya Lemonnier pale Djibouti, karibu na nyumbani kwetu kuliko sisi wenyewe. Mama zao tunakaa nao benchi moja kila Jumapili.

Kwa mtoto unayemjua, mwandikie moja kwa moja. Mstari wa kwanza wa anwani ni jina lake kamili. Wa pili ni Unit, PSC au CMR (kikosi au kituo anakopokelea barua) pamoja na namba yake, na Box kama anayo. Wa tatu ni APO, yaani posta ya jeshi, au FPO kama yuko kwenye meli au kituo cha wanamaji, kisha herufi mbili na namba ya ZIP. AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Kanada, AP ni Pasifiki, AA ni Amerika nje ya Marekani yenyewe na Kanada. Basi, ishie hapo. Usiandike Djibouti wala Seoul, maana ukitaja mji au nchi barua inaweza kuingia kwenye posta ya nchi ile na kupotelea huko. Gharama ni ile ile ya barua ya ndani ya Marekani: stempu moja ya Forever kwa bahasha isiyozidi aunsi 1. Bahasha ya mraba, au yenye kifungo au utepe ndani, haipiti kwenye mashine za posta, nayo hulipiwa zaidi. Kila mwaka posta hutangaza tarehe za mwisho za anwani za kijeshi, na kwa barua huwa mwanzoni mwa Desemba. Msingoje Sikukuu ya Shukrani ipite ndipo mtafute kalamu.

Kadi za askari msiowajua zina njia nyingine. Daudi alipofika kambini hakupita na mzigo hadi mstari wa mbele. Aya ya 22 inasema alimwachia mtunza vyombo, ndipo akakimbia kuwasalimu ndugu zake. Hata leo kuna mtunza vyombo. Zamani mtu aliweza kuandika juu ya bahasha "Kwa Askari Yeyote" na ikafika. Baada ya barua zenye kimeta za mwaka 2001, zilizoua watu 5, Wizara ya Ulinzi ilisitisha utaratibu huo. Sasa kadi hupitia mashirika kama Msalaba Mwekundu wa Marekani, ambao matawi yake mengi hukusanya, hukagua na kugawa. Piga simu tawi la eneo lako mapema, maana kila tawi lina tarehe yake.

Na kwa kuwa zinakaguliwa, kadi zisifungwe kila moja na bahasha yake. Ziweke zote wazi kwenye bahasha moja kubwa au sanduku. Ndani msitie picha, pesa, pipi wala kitu chochote. Watoto waandike jina la kwanza tu, bila anwani, simu wala jina la shule. Glita, zile chenga za kumetameta, hapana kabisa, maana kadi nyingine hufika hospitalini: zinamwagika kwenye kitanda cha mgonjwa, zinaingia machoni na kifuani mwa mtu mwenye vidonda au mapafu mabovu, na sanduku zima linaweza kukataliwa kwa kadi moja. Walimu wa Sunday School, watoto wapeni kalamu za rangi. Rangi ya maji ikifungwa kabla ya kukauka, kadi zinagandana na hazibanduki.

Sasa niseme wazi, na wachungaji wanivumilie. Kadi ya askari si kipeperushi cha kanisa. Tumekuwa na tabia ya kupachika ndani ratiba ya ibada, trakti ya wokovu na namba ya kutumia sadaka. Hivyo vyote huondolewa wakati wa ukaguzi, na mara nyingine kadi yenyewe hutupwa pamoja navyo. Halafu kuna kadi za dukani zenye maneno mazuri yaliyochapwa, sisi tunaweka sahihi tu, tunapiga picha ya kikundi, tumemaliza. Yakobo, katika waraka wake, alimkemea mtu anayemwambia ndugu yake aende kwa amani, akaote moto na kushiba, asimpe kitu. Yese alipima. Kaa chini, andika mistari minne au mitano kwa mkono wako, kwa Kiingereza chepesi kama hujui utaangukia kwa nani. Mwambie kitu cha nyumbani kwako: "Ndugu uliye kazini, theluji imeanza hapa kwetu na watoto wanakaanga maandazi jikoni. Tumekutaja kwenye maombi ya leo jioni. Tunakutakia usingizi mzuri na kurudi salama." Usiulize yuko wapi, usitaje siasa wala kifo, wala usijaze kurasa tatu.

Wengine mtaumia kwamba mashirika mengi huomba salamu za sikukuu kwa jumla, kwa sababu atakayepokea anaweza kuwa Mkristo, Mwislamu, Myahudi au asiye na dini. Wapendwa, tuheshimu. Kwa mtoto wako, andika Zaburi 121 yote ukipenda. Kwa askari usiyemjua, upendo wako ndio atakaousoma kwanza. Sanduku likijaa, liwekeeni mikono na kuliombea kabla ya kulifunga. Hakuna shirika linalokataza hilo. Na msikae kungoja majibu. Daudi alipeleka bisi na mikate, na alichopata kwa Eliabu kaka yake ni maneno ya hasira, lakini kazi aliyotumwa na baba yake ilikuwa imefanyika.

Nimalizie na wazee. Maveterani, yaani askari wastaafu, walioko kwenye hospitali na nyumba za kulelea za Idara ya Maveterani wanahitaji kadi zao peke yao, kwa hiyo zifungeni kando na muandike juu ya fungu kwamba ni za maveterani. Humo msiandike "rudi salama," maana amerudi miaka 50 iliyopita. Wala msiandike "pona haraka," kwa kuwa wengine wanaishi hapo na hawatatoka. Mwandikie kwamba unamshukuru na unamtakia siku njema, inatosha. Hospitali hizo zina ofisi inayoshughulikia watu wa kujitolea, ulizeni hapo kabla ya kubeba sanduku. Na mkichelewa Krismasi, msitupe kadi tupu zilizobaki: wiki ya tarehe 14 Februari hospitali hizo huadhimisha siku za kuwasalimu wagonjwa wao, hupokea kadi, na zingine hukaribisha wageni wodini. Anayejua kuendesha na ana nafasi kwenye gari wiki hiyo, aandikishe jina kwa mama mlezi wa vijana baada ya ibada.