Yuleyule

Jumapili usiku, Helsinki

Leo tumekwenda tena Korkeasaari, kisiwa chenye bustani ya wanyama. Binti yangu alitaka kumwona chui wa theluji kabla baridi haijaisha, manyoya yake yangali marefu. Tulimkuta juu ya mwamba, mkia ule mnene ameuzungusha hadi puani kama mtu aliyejitanda mtandio. Nikapiga picha. Baadaye akatokea mwingine huku chini, akitembea taratibu. Nikapiga tena.

Baada ya chakula tukazifungua kwenye kompyuta. Nikamwonyesha: huyu wa juu, na huyu wa chini. Akanyamaza, akazikuza. "Mama, ni yuleyule. Tazama hapa pajani."

Kweli. Doa lililokatika upande mmoja, na nukta mbili chini yake. Alipojikunja manyoya yalilifumba, alipotembea likafunguka.

Jambo hili limenikaa moyoni jioni nzima, kwa sababu hata huko kwao, kwenye milima ya nchi 12 za Asia, huhesabiwa hivyohivyo. Watu wachache sana humwona kwa macho. Picha za kwanza porini alizipiga mtafiti wa wanyama George Schaller huko Chitral, Pakistani, mwaka 1970. Siku hizi kamera hutegwa kwenye miamba anakopita na kuacha harufu yake, kisha mtu hukaa na picha akilinganisha madoa, ubavu kwa ubavu, maana wa kushoto haufanani na wa kulia. Njia hiyo ndiyo iliyoisaidia India kutangaza mwaka 2024 kwamba ina chui wa theluji 718, kati yao 477 wakiwa Ladakh, eneo la milima kaskazini mwa nchi hiyo.

Chui habadili madoa yake, tunasema nyumbani, na kazi yote hii imesimama juu ya ukweli huo. Macho yetu ndiyo yanayobadilika. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa picha za chui 16 wa bustani za Ulaya, kila mmoja akijulikana. Waliopewa kuwatambua walikosea takriban mara moja katika kila nane, na mara nyingi kosa lilikuwa kama langu: chui mmoja akageuka wawili. Hesabu ikavimba kwa theluthi moja hivi. Bonde lenye chui 30 lingeandikwa 40.

Hapo ndipo ninapoumia. Hesabu iliyozidi hupendeza, na anayepigania fedha za kufunika zizi kwa wavu, ili chui asiingie usiku akaua mbuzi na mwenye mbuzi naye akamuua, hujibiwa kuwa chui wapo wa kutosha. Mwaka 2017 IUCN, shirika la kimataifa linalopanga viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka, ilimshusha daraja moja la hatari, na baadhi ya wanaomfuatilia milimani walipinga. Naona walikuwa na haki ya kuogopa.

Miaka yote nimeingia bustani za wanyama kwa moyo mzito, na bado uzio unanisumbua. Lakini jaribio lile lilihitaji chui ambao mtu anawajua mmoja mmoja bila shaka yoyote; porini nani angesahihisha majibu?

Binti yangu amelichora lile paja kwenye daftari lake, na ubavu wote wa kushoto. Ukurasa wa kulia ameuacha wazi. Chui hakugeuka.